Nyuzi 1.5, gesijoto na sifuri halisi: kusoma habari za tabianchi bila kupotea

Januari 2025 Shirika la Hali ya Hewa Duniani, WMO, lilitangaza kwamba mwaka 2024 ulikuwa na joto kuliko mwaka mwingine wowote uliowahi kupimwa: takriban nyuzi joto 1.55 za Selsiasi juu ya wastani wa miaka ya 1850 hadi 1900. Papo hapo likaongeza kwamba kikomo cha nyuzi 1.5 kilichomo katika Mkataba wa Paris bado hakijavukwa. Msomaji aliyekuna kichwa alikuwa na haki. 1.55 ni kubwa kuliko 1.5, na hilo halihitaji shahada. Wapo waliohisi wanasayansi wanacheza na maneno, wapo waliodhani mwandishi wa habari amechanganya.

Kauli zote mbili zilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba namba ya tabianchi haisomeki peke yake. Lazima ujue ni wastani wa muda gani, inalinganishwa na kipindi kipi, na inapima kiasi kilichopo au kiasi kinachoongezwa. Taarifa nyingi huiacha namba ikielea bila majibu hayo, kisha mabishano huanza. Nimeshuhudia watu wakibishana usiku kucha kuhusu hewaukaa, yaani kaboni dioksidi, mmoja akizungumzia iliyomo angani, mwenzake akizungumzia inayotoka viwandani kila mwaka, na wala hawajui kwamba hawabishani juu ya kitu kimoja.

Wastani wa lini, dhidi ya nini

Hali ya hewa ni yale yanayotokea angani leo, kesho na juma hili: mvua, upepo, joto, mawingu. Tabianchi ni takwimu za mambo hayo kwa muda mrefu, na kwa desturi ya WMO muda huo ni miaka 30. Kipindi cha rejea kinachotumika sasa ni 1991 hadi 2020. Takwimu hizo hazikomei kwenye wastani. Zinahesabu pia joto hupanda hadi wapi, ukame hudumu muda gani, mvua kubwa hurudi mara ngapi. Sehemu mbili zinaweza kupata kiasi kilekile cha mvua kwa mwaka na zikawa na tabianchi zisizofanana hata kidogo, moja ikinyeshewa kidogo kidogo miezi yote na nyingine ikimaliza mvua yake yote katika majuma machache.

Mkataba wa Paris, uliopitishwa Desemba 2015, unahusu tabianchi. Kwa hiyo nyuzi 1.5 zake husomwa kwenye wastani wa miongo, na mwaka mmoja hautoshi kusema kikomo kimevukwa. Mwaka mmoja unaweza kuinuliwa na El Nino, hali ambapo maji ya uso wa Bahari ya Pasifiki katika ukanda wa ikweta huwa na joto kupita kawaida na kulimwaga joto hilo katika angahewa. Ile iliyoanza katikati ya 2023 iliichangia rekodi ya 2024. La Nina hufanya kinyume chake. Hali hizi hurudi kila baada ya miaka miwili hadi saba, bila ratiba, na kazi yake ni kuhamisha joto kati ya bahari na hewa. Zinaitwa mabadiliko ya asili ya ndani ya mfumo, na ndizo zinazofanya mstari wa joto la dunia upande kwa kuyumbayumba. Mwaka 2022 ulikuwa wa La Nina, mwaka wa kupoa. Hata hivyo ulikuwa na joto kuliko 1998, mwaka wa El Nino kali iliyotikisa dunia. Huko ndiko mwelekeo unakoonekana.

Halafu kuna swali la kipindi cha kulinganishia. Miaka ya 1850 hadi 1900 huitwa "kabla ya viwanda", jina ambalo mwanahistoria atalikataa, kwa sababu injini za mvuke zilikuwa zimekwisha kuwapo kwa zaidi ya miaka mia moja. Kilichoamua ni vipimajoto: kabla ya hapo vilikuwa vichache mno kuweza kukadiria joto la dunia nzima. Ukilinganisha na 1991 hadi 2020 badala yake, mwaka uleule wa 2024 unapata namba ndogo zaidi, takriban nyuzi 0.7, kwa kuwa kipindi hicho chenyewe tayari kilikuwa kimepanda kwa karibu nyuzi 0.9. Magazeti mawili yanaweza kuchapisha 1.55 na 0.7 siku moja na yote yakawa na ukweli. Linaloacha kutaja kipindi chake ndilo la kulaumiwa.

Utagundua pia kwamba wanasayansi hutaja tofauti na wastani kuliko kutaja joto lenyewe. Kituo kilicho bondeni na kingine kilicho mlimani jirani vinaweza kupishana kwa nyuzi kumi, lakini mwezi ukiwa wa joto kupita kawaida, huwa hivyo bondeni na mlimani pia, kwa kiasi kinachokaribiana. Tofauti hizo ndizo zinazoweza kuunganishwa kutoka maelfu ya vituo bila kupotosha picha.

Nigusie na hili, maana linapotosha watu wengi: "mafuriko ya miaka mia". Maana yake ni mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote ule. Yakitokea mwaka huu, mwakani uwezekano unabaki uleule. Anayekaa mahali hapo miaka 30 ana uwezekano wa takriban asilimia 26 wa kuyaona angalau mara moja, na hiyo ni kama tabianchi haibadiliki. Ikibadilika, asilimia 1 ya zamani huwa si 1 tena, na mitaro iliyochimbwa kwa hesabu ya zamani huzidiwa.

Joto linavyonaswa

Ukigawanya mwanga wa jua kwa uso wote wa dunia, mchana na usiku, unapata wati zipatazo 340 kwa kila mita ya mraba. Karibu asilimia 30 hurudishwa angani na mawingu, barafu, majangwa na chembe za hewani bila kupasha chochote. Sehemu hiyo inayorudishwa huitwa albedo. Theluji mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi ya mwanga unaoifikia. Bahari iliyo wazi hurudisha chini ya asilimia 10. Nishati inayobaki hunyonywa, na dunia huitoa tena kwa umbo la mionzi ya infraredi, ambayo jicho haliioni. Kinachoingia kikilingana na kinachotoka, joto hutulia.

Kama hewa ingeiachia infraredi yote ipite, wastani wa joto la uso wa dunia ungekuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa kweli uko karibu na nyuzi 15 juu ya sifuri. Tofauti hiyo ya nyuzi 33 ni kazi ya gesijoto, yaani gesi zinazonasa infraredi, na kazi hiyo ilikuwapo kabla binadamu hajatokea. Kwa hiyo athari ya gesijoto na ongezeko la joto duniani ni mambo mawili. La kwanza ndilo linalofanya maji yasigande. La pili ni kule kuzidishwa kwa la kwanza.

Naitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni asilimia 99 ya hewa kavu, hazishiriki. Molekuli zake zina atomi mbili za aina moja, na mtikisiko wake hauwezi kuunasa mwanga wa infraredi. Hewaukaa, pamoja na mvuke wa maji, methani na oksidi ya naitrasi, zina atomi tatu au zaidi zinazotikisika kwa namna inayoinasa. Mmarekani Eunice Foote aliona mwaka 1856 kwamba chupa yenye hewaukaa ilipata joto zaidi juani kuliko yenye hewa ya kawaida. John Tyndall alianza kupima gesi moja moja huko London mwaka 1859. Msweden Svante Arrhenius akapiga hesabu ya athari za kuiongeza hewaukaa mwaka 1896. Sayansi hii ni kongwe kuliko ndege, ingawa mara nyingi husimuliwa kana kwamba ilizuka juzi mkutanoni.

Kuna pingamizi moja linalostahili jibu la kina, kwa sababu hata wanaojua fizikia kidogo hulitoa: hewaukaa iliyopo tayari inanasa karibu mionzi yote ya aina inayoweza kuinasa, basi kuongeza nyingine kutabadilisha nini? Jibu liko juu, mbali na ardhi. Mionzi ikipanda hunyonywa na kutolewa upya mara nyingi, na ile inayofanikiwa kutoroka hutokea kwenye kimo ambacho hewa iliyobaki juu yake ni nyembamba kiasi cha kuiachia. Ukiongeza hewaukaa, kimo hicho husogea juu zaidi. Katika tabaka la chini la angahewa, troposfia, kila kilomita moja ya kupanda hupunguza joto kwa takriban nyuzi 6.5. Hewa ya huko juu ni ya baridi zaidi, na kitu cha baridi hutoa mionzi michache. Matokeo yake dunia inapoteza nishati kidogo kuliko inayopokea, hadi tabaka lote la chini lipate joto la kutosha kurudisha ulinganifu. Hakuna mahali katika mlolongo huo ambapo hewaukaa "hujaa".

Maelezo hayohayo yanatoa utabiri wa ajabu: tabaka la juu yake, stratosfia, linapaswa kupoa wakati la chini linapata joto. Vipimo vya maputo na setilaiti vimeonyesha hivyo. Laiti jua lingekuwa limeongeza nguvu, matabaka yote mawili yangepata joto. Alama za namna hii ndizo wataalamu wanazoziita alama za vidole za chanzo. Mtafiti Syukuro Manabe alikuwa ameionyesha tofauti hiyo katika modeli za miaka ya 1960, na mwaka 2021 alipata sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya Fizikia kwa kazi yake ya kuiga tabianchi.

Na tundu la ozoni? Hilo ni suala jingine, lenye gesi zake, na Itifaki ya Montreal ya 1987 ndiyo iliyolishughulikia. Ozoni iliyopungua huachia mionzi ya urujuanimno ipite kwa wingi. Haielezi ongezeko la joto tunalolipima.

Msukumo na mrejesho

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa zaidi ulipo, kwa maoni yangu, na ndipo wapotoshaji hupenda kuvua samaki.

Msukumo ni badiliko linaloletwa kutoka nje ya mfumo na kuvuruga ulinganifu wa nishati. Hupimwa kwa wati kwa mita ya mraba. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka 2021 kwamba shughuli za binadamu tangu 1750 hadi 2019 zimeleta msukumo wa jumla wa takriban wati 2.7. Jumla hiyo ina ya kuongeza na ya kupunguza. Erosoli, yaani chembe ndogo zinazoelea hewani, hasa za salfa zitokazo kwenye makaa ya mawe na mafuta machafu, huakisi mwanga na kupoza. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulipolipuka Juni 1991, salfa yake ilifika stratosfia na kushusha wastani wa joto la dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa mwaka mmoja au miwili. Chembe za viwandani hukaa chini zaidi na huoshwa na mvua ndani ya siku au majuma. Ndiyo maana kusafisha moshi, jambo jema kwa mapafu, hufunua sehemu ya joto iliyokuwa imefichwa.

Mrejesho ni mwitikio wa mfumo wenyewe unaorudi kuongeza au kupunguza badiliko la kwanza. Mrejesho chanya huongeza, mrejesho hasi hupunguza. Neno chanya hapa halina sifa yoyote ndani yake: mrejesho chanya unaweza kuwa balaa.

Sasa chukua hoja inayosambazwa sana: mvuke wa maji ndio gesijoto inayonasa sehemu kubwa zaidi, basi kwa nini hewaukaa ilaumiwe? Sentensi ya kwanza ni kweli. Lakini mvuke hukaa hewani wastani wa siku tisa hivi kisha unakuwa mvua. Kiasi chake kinaamuliwa na joto lililopo: kila nyuzi moja ikiongezeka, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7. Hewaukaa haigeuki mvua. Inapoongeza joto, mvuke unafuata na kuongeza joto jingine. Hewaukaa ni msukumo, mvuke ni mrejesho. Asilimia 7 hizo hizo ndizo zinazochangia mvua za ghafla kuwa nzito zaidi, kwa kuwa wingu lina maji mengi zaidi ya kumwaga.

Barafu ni mrejesho mwingine. Ikiyeyuka baharini huacha maji meusi, albedo hushuka, maji hunyonya jua, barafu zaidi huyeyuka. Mawingu ndiyo magumu kuliko yote. Yaliyo chini na mazito hupoza kwa kuakisi mwanga. Yaliyo juu na membamba hupasha kwa kunasa infraredi. Ushahidi wa sasa unaelekeza kwamba kwa jumla yatazidisha joto, lakini kiasi chake ndicho chanzo kikuu cha shaka katika makadirio.

Gesi moja inaweza kushika nafasi zote mbili, na mfano wake ni mzuri. Barafu iliyochimbwa Antaktika ina viputo vya hewa ya kale ya hadi miaka 800,000 iliyopita. Ndani ya viputo hivyo hewaukaa hupanda na kushuka kati ya sehemu 180 na 300 hivi kwa milioni, ikifuatana na zama za barafu. Zama hizo huanzishwa na mabadiliko ya polepole ya mzingo wa dunia na mwinamo wa mhimili wake, yanayochukua makumi ya maelfu ya miaka na kubadilisha jua linapoangukia. Mzingo uliposukuma, bahari ilipata joto na kuachia hewaukaa, nayo ikazidisha joto lililoanza. Hapo hewaukaa ilikuwa mrejesho. Leo inatolewa ardhini kwa mashine kabla joto halijapanda, nayo ni msukumo. Anayesema "zamani joto lilitangulia, hewaukaa ikafuata, kwa hiyo haisababishi joto" amechukua nusu ya mfano huu na kuacha nusu iliyobaki.

Ukikusanya mirejesho yote unapata namba moja mashuhuri: joto litapanda kiasi gani hewaukaa ikiongezeka maradufu na mfumo ukaachwa utulie. Bila mirejesho, hesabu hutoa nyuzi 1.2 hivi. Pamoja nayo, ripoti iliyoongozwa na Jule Charney nchini Marekani mwaka 1979 ilikadiria kati ya 1.5 na 4.5. IPCC mwaka 2021 ilisema makadirio bora ni nyuzi 3, na huenda ni kati ya 2.5 na 4. Miaka arobaini na ushei ya kazi ilihitajika kubana mpaka huo. Wanaoufanyia mzaha wajaribu kwanza wenyewe kuyapigia mawingu hesabu.

Kilichopo na kinachoongezwa

Charles David Keeling alianza kupima hewaukaa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958. Ilikuwa takriban sehemu 315 kwa milioni. Kabla ya viwanda ilikuwa 280 hivi. Leo imepita 420. Hizo ni namba za mkusanyiko, yaani kiasi kilichopo hewani. Utoaji ni kitu kingine: tani zinazoingia hewani kila mwaka. Makaa ya mawe, mafuta, gesi asilia na saruji hutoa tani zipatazo bilioni 37, na ukataji misitu huongeza bilioni kadhaa. Takriban nusu ya hewaukaa hiyo hubaki hewani. Nyingine hunyonywa na bahari, mimea na udongo.

Mfikirie mtu anayekopa kila mwezi. Akipunguza kiwango cha kukopa, deni lake bado linakua, ila kwa mwendo wa polepole. Mwaka 2020, nchi nyingi zilipojifungia kwa sababu ya korona, utoaji wa hewaukaa kutokana na nishati ulishuka kwa takriban asilimia 5, upungufu mkubwa kwa mwaka mmoja. Mkusanyiko angani uliendelea kupanda, karibu kama kawaida yake. Waliosema "tulikaa ndani na hakuna kilichobadilika, basi si sisi" walitazama deni wakati uliopungua ulikuwa ukopaji.

Kwamba ni sisi, hewaukaa yenyewe inatoa ushahidi. Kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho, hupungua nusu kila baada ya miaka 5,730, kwa hiyo makaa na mafuta, yaliyofukiwa kwa mamilioni ya miaka, hayana hata chembe yake. Tangu viwanda vianze, hewaukaa ya angani ilionekana ikipunguziwa ukali wa kaboni-14 hata kabla majaribio ya mabomu ya nyuklia ya katikati ya karne ya 20 hayajavuruga kipimo hicho. Oksijeni nayo inapungua taratibu, kwa kadiri inayotarajiwa pale kitu kinapochomwa. Upungufu huo ni mdogo sana, hautatukosesha pumzi.

Tahadhari ndogo kwa wanaosoma ripoti: tani moja ya kaboni si tani moja ya hewaukaa. Kwa kuwa oksijeni ina uzito wake, tani ya kaboni ikichomwa hutoa tani 3.67 za hewaukaa. Namba mbili zinazopishana karibu mara nne huwa na maelezo hayo tu.

Gesi hazidumu sawa. Methani, inayotoka kwa mifugo, mashamba ya mpunga, majalala na mabomba yanayovuja, huvunjika baada ya miaka 12 hivi. Oksidi ya naitrasi, ya mbolea hasa, hukaa zaidi ya miaka 100. Hewaukaa haina umri mmoja: sehemu yake huchukuliwa upesi na bahari, na sehemu nyingine hubaki kwa maelfu ya miaka. Ili kuzijumlisha, wahasibu hutumia kipimo cha "usawa wa hewaukaa", na hapo inabidi kuchagua muda. Kwa miaka 100, tani ya methani hupasha kama tani 28 hadi 30 za hewaukaa. Kwa miaka 20, hupanda hadi karibu 80. Fizikia haijabadilika, ni muda uliochaguliwa tu. Kampuni inayotaka methani yake ionekane ndogo itapenda mia, mwanaharakati atapenda ishirini. Mimi ningetaka ripoti zitoe tani za kila gesi peke yake, msomaji ahesabu mwenyewe.

Jambo lililorahisisha sera zaidi ya yote ni ugunduzi kwamba joto huenda karibu sambamba na jumla ya hewaukaa iliyowahi kutolewa. IPCC inaweka uwiano huo kwenye nyuzi 0.45 kwa kila tani bilioni 1,000. Kati ya 1850 na 2019 binadamu walitoa takriban tani bilioni 2,390. Kutokana na uwiano huo inapatikana bajeti ya kaboni: kiasi kilichobaki kabla ya kufika nyuzi fulani. Bajeti hiyo haijazwi upya mwaka mpya ukianza. Na ndiyo sababu ya sifuri halisi: ikiwa joto hufuata jumla, litaacha kupanda pale tu jumla itakapoacha kukua.

Sifuri halisi inaruhusu utoaji fulani kubaki, mradi kiasi kilekile kiondolewe hewani. Mlango wa udanganyifu uko hapo. Kuondoa hewaukaa na kuifungia chini ya mwamba kunaweza kudumu maelfu ya miaka. Kupanda miti kunadumu hadi moto au shoka lifike. Kuzuia msitu usikatwe, kisha kuuza ahadi hiyo kama fidia, hakuondoi hata kilo moja iliyokwisha kutolewa. Mipango yote hiyo hubandikwa neno moja, na kwangu hailingani.

Bahari haina haraka

Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia baharini. Hewa, tunayoipima na kuibishania kila siku, imechukua kama asilimia 1. Maji yakipata joto hutanuka, na huo ni mmoja wa vyanzo vikubwa vya kupanda kwa usawa wa bahari. Vingine ni barafu ya nchi kavu: ya milimani, na ile ya Greenland na Antaktika. Barafu inayoelea ikiyeyuka haipandishi maji kwa kiasi cha kuhesabika, kwa kuwa tayari ilikuwa imesukuma uzito wake. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari ulipanda kwa takriban sentimita 20.

Bahari pia inanyonya hewaukaa yenyewe, na hiyo hugeuka asidi ya kaboni. Kipimo cha pH, ambacho hushuka asidi ikizidi, kimeshuka kutoka karibu 8.2 hadi 8.1. Kwa vile skeli hiyo ni ya logarithimu, yaani kila hatua moja ni mara kumi, badiliko hilo dogo ni ongezeko la zaidi ya robo la ioni za haidrojeni. Maji bado si asidi, ila matumbawe na kombe hupata taabu zaidi kujenga magamba yao.

Habari zikitaja vizingiti, zina maana ya kiwango ambacho kikipitwa, sehemu ya mfumo huhama na kuendelea kwa nguvu zake yenyewe, na kupunguza joto baadaye huenda kusiirudishe. Tabaka la barafu la Greenland ni mfano. Uso wake ukishuka, hukutana na hewa ya chini yenye joto zaidi, na kuyeyuka hujilisha. Likiisha lote bahari ingepanda kwa mita 7 hivi. Kizingiti hakimaanishi mlipuko wa siku moja: hilo lingechukua mamia mengi au maelfu ya miaka. Wala nyuzi 1.5 si kizingiti cha namna hiyo. Ni kikomo kilichokubaliwa mezani, na nyuzi 1.6 ni mbaya kuliko 1.5 kama 1.5 ilivyo mbaya kuliko 1.4.

Swali la mwisho ni la mrundikano uliokwisha kuwapo. Je, utoaji ukikoma kesho, joto litaendelea kupanda kwa miongo? Jibu la zamani lilikuwa ndiyo, na bado linarudiwa. Lilitokana na kudhani mkusanyiko hewani utabaki palepale. Utoaji wa hewaukaa ukifika sifuri, bahari na mimea huendelea kunyonya, mkusanyiko hushuka, na hilo hufidia karibu lote joto ambalo bahari bado inalitafuta. Makadirio yanaonyesha wastani wa joto ukitulia takriban pale ulipofika. Usawa wa bahari hautulii nao. Maji ya kina kirefu huchukua karne nyingi kupata joto, na barafu huitikia taratibu zaidi: IPCC inakadiria kwamba hata joto likizuiwa kwenye nyuzi 1.5, bahari itapanda mita 2 hadi 3 katika miaka 2,000 ijayo, na likifika nyuzi 2, mita 2 hadi 6.